Asilimia Hamsini na Nane

Mkimwona leo na begi lake begani, anapanda ngazi za watu, anainama chini ya meza kutafuta waya, msimcheke. Na kama kucheka ni lazima, chekeni akishapita. Yule mliyemwita juzi aje kuwarekebishia kompyuta alikuwa mkuu wa ufundi katika kampuni yetu ya intaneti, na hiyo kazi ya nyumba kwa nyumba ndiyo aliyoichukia kuliko zote. Nimekaa naye ofisi moja miaka saba, yeye chumba cha ndani, mimi mezani kwenye simu. Nikisema habari zake sibahatishi.

Jina alilopewa na wazazi wake tuliache. Sisi tulimwita Bwana Asilimia, kwa sababu alikuwa hasemi neno bila asilimia. Ukimuuliza kama mvua itanyesha, sabini. Ukimpa chai anaonja, anafikiri, anasema sukari imefika themanini na tano. Mkewe ni fundi cherehani, mama mwenye maneno yake, na baadaye, tulipokuja kufahamiana, aliniambia kwamba hata siku ya kumtaka uchumba alimwambia anampenda asilimia tisini na tisa. "Nikamuuliza hiyo moja ameiweka wapi," alisema. "Mpaka leo hajanijibu." Lakini wakati wa mambo haya nilikuwa simjui huyo mama hata kwa sauti, na laiti ningeijua sauti yake.

Walikuwa na binti mmoja. Huyo mtaa mzima ulimwita Daktari, kwa sababu akiwa na miaka tisa alimfunga mbuzi wa jirani mguu uliovunjika kwa rula na kitambaa cha cherehani, na mbuzi akatembea. Tangu siku hiyo hakutaka kusikia kingine ila udaktari wa mifugo. Chuo kinachoufundisha kiko kimoja tu, nacho huchukua wanafunzi wachache. Mwaka ule alikuwa ameomba, na nyumba nzima ilikuwa inasubiri orodha. Chuo kilitangaza wazi: majina yatatoka Jumatatu kwenye tovuti, aliyechaguliwa athibitishe hapo hapo kwenye tovuti kabla ya Ijumaa saa kumi jioni, na mtu asije chuoni kupanga foleni. Asiyethibitisha, nafasi yake inakwenda kwa mwingine.

Sasa njooni ofisini. Tulikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro. Chumba cha mashine kilikuwa stoo zamani, na kiyoyozi chake kilidondosha maji kwenye ndoo ya bluu ambayo kila mtu alidhani ni zamu ya mwenzake kuimwaga. Njia yetu ya kwenda kwenye mtandao wa dunia ilikuwa nyembamba na wateja walikuwa wengi. Ikifika jioni kila mtu anafungua gazeti lile lile, matokeo ya mpira yale yale, na kila mmoja anataka aletewe ya kwake kutoka ng'ambo. Ndipo Mkurugenzi wetu akarudi kutoka kwenye mkutano na neno jipya: kache.

Bwana Asilimia alinieleza hivi. Mwalimu akitaka darasa lijue jambo, hamnong'onezi mwanafunzi mmoja mmoja. Anaandika ubaoni mara moja, kila mtu anasoma. Kache ndiyo ubao huo. Mteja wa kwanza akiomba ukurasa, mashine inauleta kutoka mbali na kubaki na nakala. Wa pili akiuomba, anapewa nakala. Nikamwambia nimeelewa, na kweli nilielewa, ila sikuuliza swali ambalo mtoto wa darasa la kwanza angeliuliza: ubao unafutwa na nani?

Mwanzoni tulijaribu kwa uungwana. Ilibidi kila kompyuta ya mteja ielekezwe ipitie kwenye mashine yetu, kwa hiyo Bwana Asilimia akatembea nyumba kwa nyumba. Wengine hawakumfungulia. Wengine walimfungulia, akaweka, wakaondoa alipotoka. Nyumba moja mbwa alimrarua suruali, na bibi mwenye mbwa akamwuliza amemfanya nini mbwa wake. Alirudi ofisini amefunga sweta kiunoni, akasema, "Basi. Kuanzia leo simwombi mtu ruhusa."

Ilimchukua siku tatu. Aliiamuru ruta, kile kifaa kinachogawa njia za mtandao, kwamba yeyote anayeomba ukurasa ageuziwe njia kimya kimya, apelekwe kwenye mashine ya stoo, na mashine imjibu kana kwamba yenyewe ndiyo hiyo tovuti aliyoiomba. Mteja habadilishi kitu, haambiwi kitu, hajui kitu. Miaka ile alama ya kufuli, ya kuzuia ukurasa usisomwe njiani, ilikuwa kwenye kurasa za benki tu. Nyingine zote zilipita wazi, zikasomwa na kunakiliwa. Mafundi wanaiita kache ya uwazi, kwa kuwa huioni. Nilimuuliza ni uwazi gani huo wa kumficha mtu.

"Wewe jibu simu," akaniambia.

Na simu za mwanzo zilikuwa tamu, sitakataa. "Jamani mmefanya nini? Leo inakimbia!" Nilijibu asante, tunajitahidi. Bwana Asilimia aliweka skrini ndogo mlangoni mwa stoo inayoonyesha kati ya kurasa zote zilizoombwa, ni ngapi zimetoka kwenye mashine yetu bila kwenda mbali. Thelathini na moja. Kila akipita anaitupia jicho, hata akienda chooni.

Mkurugenzi naye akaitupia jicho. "Thelathini na moja? Mimi nimeshawaambia wakubwa nusu."

"Kurasa nyingine zinabadilika, bosi. Mashine lazima iulize kwanza kama nakala bado ni nzima."

"Basi isiulize sana."

Mtu mwingine angebisha. Bwana Asilimia alikuwa ameshaguswa pale panapouma, kwenye namba. Ijumaa ile alijifungia stoo, akaandika mstari mmoja kwenye maagizo ya mashine. Mstari wenyewe ulisema: ukurasa wowote ukishaingia humu, usiulize habari zake siku saba, hata kama wenyewe wamesema uulizwe. Na mteja akibonyeza kitufe cha kupakia upya, mpe ile ile. Jumatatu asubuhi skrini ilisoma hamsini na nane. Mkurugenzi alituagizia soda, akampiga mgongoni mpaka akapaliwa.

Nisichokijua mimi, wala yeye hakukikumbuka, ni kwamba Jumapili jioni alikuwa nyumbani kwake, amekaa kwenye kompyuta na Daktari pembeni, na yeye kwa mkono wake akafungua tovuti ya chuo ili tu aone kama iko hewani. Ikafunguka: "Orodha ya waliochaguliwa bado haijatolewa." Wakacheka, wakazima, wakaenda kula. Alikuwa mteja wa kwanza wa juma hilo kuomba ukurasa ule. Mashine ikauandika ubaoni, ikakaa kulinda.

Jumatatu saa mbili orodha ilitoka. Kwa wateja wetu haikutoka.

Simu zikabadilika ladha. Mmoja anasema gazeti la leo lina habari za Ijumaa. Mwingine anasema timu yake imecheza jana lakini msimamo wa ligi haujui. Nikampelekea Bwana Asilimia. Hakuinua hata kichwa. Kesho yake akaniletea karatasi ya majibu, ameichapa kwa herufi kubwa, akaibandika kwa gundi mbele ya simu yangu: kwanza waambie wazime wawashe, wakirudi waambie wafute kumbukumbu za kivinjari, wakirudi tena waambie wenye tovuti hawajaibadilisha, na wakizidi kubisha waambie tatizo liko kwenye kompyuta yao.

"Na hilo daftari lako la nini?" akaniuliza. Maana mimi nina daftari. Kila anayepiga namwandika: siku, saa, anasema nini, nimemjibu nini. Mama yangu alikuwa na genge la mboga, na msemo wake ulikuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

"La kuandika," nikamwambia.

"Unapoteza wino. Asilimia tisini ya malalamiko ni wateja wasiojua kutumia kompyuta."

Jumatano akapiga mwanaume mmoja mwenye kikohozi kikavu, anakohoa kabla ya kila sentensi, anasema ukurasa wa chuo unaonyesha mambo ya zamani. Nikamsomea karatasi. Akapiga tena, nikamsomea sehemu iliyobaki, na kwa kuwa nilikuwa nimechoka nikaongeza na la kwangu. Alhamisi saa nne na dakika kumi akapiga mama mmoja. Aliongea chinichini, kama mtu aliyejificha jikoni.

"Dada yangu, samahani. Kuna ukurasa wa chuo. Tangu Jumapili unasema neno lile lile. Orodha ilikuwa itoke Jumatatu. Nimemuuliza mume wangu mara tatu, anasema nisiwe na haraka, chuo kimechelewa. Lakini moyo wangu haujatulia."

"Umezima na kuwasha, mama?"

"Nimezima."

"Umefuta kumbukumbu za kivinjari?"

"Binti yangu amefuta."

"Basi wenye tovuti hawajaibadilisha."

"Una hakika, dada?"

Nikatazama karatasi. "Mama, mume wako amekwambia kweli. Mashine haidanganyi."

Akanishukuru. Akanishukuru, jamani! Nikaandika kwenye daftari, nikaendelea na chai yangu. Mpaka leo nikikumbuka lile neno asante najisikia aibu hadi masikioni.

Siku saba zikatimia Jumapili jioni. Niseme ukweli kwa ajili ya mashine: haikukosea hata dakika. Iliambiwa siku saba, ikahesabu siku saba, ikauacha ukurasa. Jumatatu asubuhi Bwana Asilimia akaingia na kikombe chake, akafungua tovuti ya chuo kama kawaida yake, na orodha hiyo hapo. Jina la Daktari, namba arobaini na moja. Chini yake maandishi mekundu: uthibitisho umefungwa Ijumaa saa kumi jioni.

Sijawahi kuona mtu akielewa jambo haraka vile. Kikombe alikiweka mezani taratibu sana. Kisha akafanya kosa ambalo ni fundi tu angelifanya. Mwanadamu wa kawaida angekimbilia chuoni. Yeye alikimbilia stoo, akafuta ule mstari, akaisafisha mashine yote pasibaki nakala hata moja, akaiwasha upya. Kitu kikiharibika, fundi anakitengeneza kwanza. Alipotoka jasho linamtiririka, skrini ya mlangoni inasoma sifuri.

"Nimeondoa tatizo," akasema.

"Na ushahidi je?" nikamuuliza.

Mara ngazi zikagongwa na viatu. Mkewe na bintiye. Nao walikuwa wameshaiona orodha nyumbani. Mama akasimama mbele ya meza yangu, akasema, "Namtaka mume wangu." Maneno matatu tu, nikaijua sauti. Naye akaiangalia karatasi iliyobandikwa mbele ya simu, akaisoma kuanzia juu hadi chini. Mwandiko wa mashine hauna mwenyewe, lakini mke humjua mumewe.

"Kumbe wewe ndiye uliyekuwa ukinijibu," akamwambia mumewe. Kwa utulivu. Afadhali angepiga kelele.

Mkuki kwa nguruwe. Wiki nzima akina mama wa watu waliambiwa wazime wawashe, sote tukaona sawa.

Bwana Asilimia akaingia kwa Mkurugenzi kuomba barua ya kupeleka chuoni, ieleze kwamba kosa ni la kampuni. Mlango ulikuwa wazi, nilisikia kila neno.

"Barua ya nini? Niandike kwamba tulikuwa tunawapa wateja vya wiki iliyopita?"

"Ndivyo ilivyokuwa, bosi."

"Wateja wanajua kwamba kuna kache?"

"Hawajui."

"Basi haipo. Kitu kisichokuwepo hakikosei."

Nikafunga simu. Nikachukua daftari langu, nikaliweka kwapani, nikawaambia twendeni wote. Sikuwa na mpango. Nilikuwa na hasira, hasa na nafsi yangu.

Msajili wa chuo alikuwa mzee mwembamba ndani ya koti la sufu. Akatusikiliza, akageuza skrini yake ituelekee. "Orodha hii hapa. Jina hili hapa. Nyinyi mlikuwa wapi?"

"Tulikuwa hatuioni, mzee," akasema Bwana Asilimia.

"Mbona mimi naiona?"

"Unaiona leo. Nakala ya zamani iliisha muda jana jioni, na asubuhi nimeisafisha mashine."

"Mashine gani?"

Hapo ndipo nilipomwonea huruma. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kufanana na mwizi. Kuna mashine, lakini haionekani. Ilikuwa na nakala ya zamani, lakini ameifuta. Kampuni inajua, lakini inasema haipo. Msajili akamwacha amalize.

"Kila mwaka napata mzazi," akasema. "Mwaka jana mmoja aliniambia ngedere ametafuna waya. Nafasi zilizobaki, leo saa nane nawapigia simu walioko kwenye orodha ya akiba. Pole sana, binti." Kisha akakohoa. Kikavu, kabla ya sentensi iliyofuata.

Nikaruka kwenye kiti. Nikafungua daftari kwenye Jumatano, nikamwekea mbele. "Mzee, soma hapa kwa hisani yako."

Akavaa miwani, akasoma kwa sauti. "Jumatano, saa tano na robo. Mwanaume, anakohoa. Anasema ukurasa wa chuo unaonyesha orodha bado, na yeye anajua imeshatoka. Ameambiwa azime awashe. Amepiga tena saa sita kasoro. Ameambiwa tatizo ni kompyuta yake." Akavua miwani, akanitazama. "Ni wewe?"

"Ni mimi, mzee."

"Uliniambia kompyuta yangu imezeeka kama sauti yangu."

"Hilo sikuliandika."

"Nilimwita fundi. Ameifuta yote, akaanza upya. Humo mlikuwa na picha za harusi ya mwanangu." Akafungua kurasa, akapita na kidole Jumatatu, Jumanne, mpaka Ijumaa. Alhamisi akasimama, akasoma kimya, akamwangalia mke wa Bwana Asilimia, akaendelea. "Mwaka huu watu kumi na saba hawakuthibitisha," akasema mwishowe. "Nimekaa hapa nikiwalaani vijana wa siku hizi kwamba hawapendi shule."

Akasukuma karatasi nyeupe na kalamu. "Andika. Nani aliweka mashine, ilifanya nini, kwa siku ngapi. Tia sahihi. Nikiipata hiyo kabla ya saa nane nawafungulia wote kumi na saba. Nisipoipata sina la kusimamia."

"Kwa niaba ya kampuni siruhusiwi, mzee."

"Andika kwa niaba yako."

Alijua maana yake, nami nilijua. Akamtazama mkewe, mkewe akatazama dirishani. Akaandika. Yaliyofuata mnayajua: wale kumi na saba walifunguliwa, kumi na wanne wakajiandikisha, na Daktari mwaka huu anashika miguu ya ng'ombe wazima. Mkurugenzi naye aliipata nakala ya barua ile, na Jumatano akampa Bwana Asilimia barua nyingine, fupi zaidi. Ndiyo maana mnamwona na begi. Karatasi ya majibu niliibandua mwenyewe kwa kisu cha jikoni, na alama ya gundi ipo mpaka leo. Simu nazijibu bado, na fundi mpya naye ameshaweka skrini yake.

Ila ninachokikumbuka zaidi kilitokea pale pale, barua ikiwa karibu kwisha. Msajili alisoma juu ya bega lake, akasema, "Weka na idadi ya walioathirika."

"Asilimia ishirini hivi ya..."

"Watu. Asilimia nitafanyia nini mimi? Watu wangapi?"

Bwana Asilimia akaiangalia barua. Miezi mitatu ameipitia ile skrini mara mia kwa siku, na hilo alikuwa halijui. Akavuta daftari langu, akaanza kuhesabu kwa ncha ya kalamu, mstari kwa mstari, midomo inacheza. Mwenye gazeti. Mwenye mpira. Msajili. Alipofika kwa mkewe kalamu ikasimama kidogo, ikaendelea. Akaandika: watu ishirini na watatu.

"Ishirini na wanne, baba," akasema Daktari. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu tuingie.

"Nimehesabu mara mbili, mwanangu. Waliopiga simu ni ishirini na watatu."

"Mimi sikupiga. Mama alitaka nipige, nikamkatalia. Nilimwambia wewe umesema haijatoka."

Akaikata ile namba. Kalamu ikatoboa karatasi, akaandika upya pembeni ya tundu.